Tuweke Vibao Penye Magofu

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye kibla. Yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Msikiti ulijengwa upya baadaye, lakini mwaka ule haukupotea.

Unguja Ukuu ulikuwa mji wa biashara zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mji ule ukafa. Ilibidi wataalamu wachimbe ardhi na kuokota vigae vya vyombo vya Uchina ili wajue habari zake.

Katika vijiji vyetu yako magofu na mava ya zamani. Wanaoyajua ni wazee. Wazee wakifa, vijana watachukua mawe wajengee nyumba. Tusiwalaumu. Nani aliwaambia?

Kwa hiyo kila kijiji kiweke kibao, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Tuandike jina la mahali na habari tunazozijua. Mwaka tusioujua tusiubuni.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya Serikali. Lakini Serikali haijui kaburi la babu yako liko wapi. Wewe unajua, na sasa unajua kuandika. Muulize mzee wako leo, uandike katika daftari lako. Kibao kitafuata.