Filamu Isiyo na Adui

KUTOKA KITI CHA NYUMA
Na Saida Mbwana

Kabla filamu ya Tideland haijaanza, mwongozaji wake, Terry Gilliam, anatokea kwenye skrini kwa picha isiyo na rangi na kuwatahadharisha watazamaji. Anawaambia kwamba wengi wao hawataipenda, baadhi wataipenda sana, na wengine wataondoka wasijue la kusema. Sijawahi kuona mpishi anayetoka jikoni kuwaambia wageni kwamba chakula huenda kikawakwama kooni. Lakini hakukosea.

Filamu hiyo ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto, Septemba 2005, na wapo walionyanyuka kabla haijaisha. Mwezi huo huo ikapelekwa San Sebastián, Hispania, ambako jopo la FIPRESCI, shirikisho la kimataifa la wahakiki, liliitunuku zawadi yake. Ilipoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2006, jarida la Entertainment Weekly liliipa F, alama ya mwanafunzi aliyefeli. David Cronenberg, mwongozaji ambaye naye ni bingwa wa kuwatia watu kichefuchefu, aliisifu kwa ushairi wake wa kutisha. Imepita takriban miaka ishirini na pande hizo mbili bado hazijapatana.

Kisa chenyewe hakina mafumbo mengi. Jeliza-Rose ni msichana mdogo ambaye wazazi wake wote wawili wametekwa na dawa za kulevya. Yeye ndiye anayemtayarishia baba yake sindano ya heroini. Mama anakufa. Baba, anayeigizwa na Jeff Bridges, anamchukua mtoto hadi Texas, kwenye nyumba ya bibi iliyotelekezwa katikati ya nyasi (mandhari yenyewe ni ya Saskatchewan, Kanada, ilikopigwa filamu). Hapo baba anajidunga, anaketi kitini, na hanyanyuki tena. Mtoto anaendelea kuishi naye. Anaongea na vichwa vya wanasesere alivyovivika vidoleni, anamwona kindi akizungumza, na nyasi zinageuka bahari. Majirani zake ni Dell, mwanamke wa buibui jeusi anayeogopa nyuki na kukausha maiti za wanyama, na mdogo wake Dickens, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili anayeamini kwamba treni inayopita ni papa mkubwa.

Kwa kawaida filamu za ndoto na majinamizi huwagawa watu kwa sababu hawakubaliani zina maana gani. Hapa sivyo. Anayeichukia Tideland na anayeipenda wanasimulia matukio yale yale, na hakuna anayemwambia mwenzake kuwa hakuelewa. Mmoja anasema huu ni ukatili kwa mtoto uliogeuzwa burudani. Mwingine anasema hakuna filamu iliyosema ukweli kama huu kuhusu namna mtoto anavyojiokoa mwenyewe. Wanagombania kitu gani basi?

Ukienda kwenye kibanda cha video popote Dar es Salaam, swali la kwanza ni lile lile: steringi nani, adui nani? Wasimulizi wa filamu wa aina ya Lufufu walilijibu mapema ili watu watulie. Tusiwacheke watu wa vibandani. Mtazamaji wa Toronto mwenye shahada tatu analiuliza swali hilo hilo, ila kimoyomoyo.

Tideland hailijibu. Steringi yupo, ana umri wa kwenda shule ya msingi na yuko karibu katika kila tukio. Adui ndiye asiyekuwepo. Baba anampenda bintiye, anamsimulia hadithi, anambembeleza, kisha anamkabidhi sindano. Dell anatisha kuliko jini, lakini ndiye anayeisafisha nyumba na kumpa mtoto chakula. Dickens ana moyo laini kuliko wote, na ndiye mwenye baruti. Hasira inakupanda na hakuna wa kummwagia. Mwisho inamwangukia Gilliam. Ninaposoma maoni ya wanaoichukia filamu hii, naona wengi hawamlaani mhusika yeyote; wanamlaani mtu aliyeitengeneza.

Linganisheni na Pan's Labyrinth ya Guillermo del Toro, iliyotoka mwaka 2006. Nayo ina msichana, njozi na watu wazima waliooza. Kwa damu, inaipita Tideland kwa mbali: kuna mwanakijiji anayepondwa uso kwa chupa, kuna kiumbe mwenye macho viganjani anayekula watoto, na mwishoni steringi anapigwa risasi. Hata hivyo watu wa Cannes waliishangilia kwa zaidi ya dakika ishirini, na ikapata Oscar tatu. Sababu naiona ni Kapteni Vidal. Ni mfashisti, ni katili, anajulikana tangu anapotokea, na anapata malipo yake. Mabibi zetu waliotusimulia ngano za mazimwi walihakikisha zimwi limekufa kabla hatujalala. Del Toro anafanya hivyo hivyo. Naipenda filamu yake na nimeilia, lakini haitudai kitu ambacho Gilliam anatudai.

Upande wa wapinzani kuna hoja moja ninayoiheshimu. Gilliam, katika onyo lake lile la mwanzo, anadai kwamba watoto ni imara, ukiwaangusha wanadunda. Wapo wanaodunda. Wapo pia wanaovunjika, na mtu anayewajua hao ana haki ya kukasirika akisikia kauli nyepesi kama hiyo. Vilevile, mchezo wa Jeliza-Rose na Dickens wa kuigiza mume na mke unanikosesha raha kila ninapoufikiria, na sidhani mwongozaji alihitaji kuurefusha vile. Tena kuna suala la ufundi tu: kamera iliyolazwa upande kwa saa mbili inachosha shingo.

Lakini tazameni mwisho wake. Dickens analipua reli, treni inaanguka, na kwa mara ya kwanza eneo lile linajaa watu. Mwanamke mmoja aliyenusurika anamwona Jeliza-Rose kwenye giza, anadhani naye alikuwa abiria aliyepoteza wazazi, anamkumbatia. Filamu nzima hakuna mtu mzima aliyekuja kuuliza mtoto huyu analelewa na nani. Ilibidi treni ipinduke ndipo aonekane, na aliyemwona amemwona kimakosa. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema Gilliam hajali. Anajali, ila amekataa kutupa zimwi la kulibebesha lawama ambayo ni ya watu wazima wote waliopita karibu.

Mapato ya filamu hii yalimwadhibu Gilliam. Oktoba 2006 alionekana mtaani New York, nje ya studio za kipindi cha televisheni cha The Daily Show, akiwa na bango la kadibodi kama ombaomba, akijitangaza kuwa mwongozaji asiye na studio mwenye familia ya kulisha. Ulikuwa utani, ingawa si utani mtupu.

Kwangu mimi Tideland ni filamu nzuri yenye makosa, na Pan's Labyrinth ni filamu bora iliyo rahisi zaidi kuipenda. Ukiizima Tideland dakika ya thelathini sitakulaumu. Ila wazazi nawaomba jambo moja: msione msichana na wanasesere kwenye jalada mkawawekea watoto Jumamosi mchana. Marekani filamu hizi zote mbili zilipewa alama ya R, inayowazuia watoto kuingia bila mtu mzima, na hiyo ya Gilliam walieleza wazi kwamba ni kwa sababu ya mambo ya kutisha yanayomhusu mtoto.