Titanic Haikuzamishwa na Kufuru

Kuna mahubiri ambayo msafiri wa mabasi ya mikoani ameyasikia zaidi ya mara moja. Basi likishatoka stendi, mhubiri anasimama katikati ya viti, Biblia mkononi, na kuanza: Wazungu waliunda meli kubwa, wakajigamba kwamba hata Mungu hawezi kuizamisha, Mungu akawaonyesha. Abiria wanatikisa vichwa kukubali. Hakuna anayeuliza habari hiyo imetoka wapi, maana wengi wao wameiona kwa macho yao. Imo kwenye filamu.

Imo kweli. Katika Titanic ya James Cameron, iliyotoka Desemba 1997 na kuzoa tuzo 11 za Oscar miezi michache baadaye, majigambo hayo yanatoka kinywani mwa Cal, mchumba tajiri wa Rose, wakiwa bandarini Southampton. Cal ni mtu wa kubuni. Alipewa maneno hayo ili mtazamaji aanze kumchukia mapema. Leo kauli ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa imekuwa ushahidi wa kuwatia hatiani watu wapatao 1,500 waliokufa.

Kutafuta funzo la kiroho ndani ya filamu si kosa, na wanaofanya hivyo wengi wao wana nia njema. Tatizo ni kwamba funzo huwa limeshaandaliwa nyumbani, filamu inaitwa tu kuja kulithibitisha, na yale isiyotakiwa kusema yanarukwa.

Itazamwe tena ile sehemu ya mchana wa Jumapili. Rose anatembea sitahani na Thomas Andrews, mbunifu wa meli. Anatazama mashua za kuokolea watu, anapiga hesabu kichwani, kisha anasema kwa adabu kwamba hesabu haikubali: watu ni wengi kuliko nafasi. Andrews hakatai. Anakiri kwamba mashua zinatosha nusu tu ya watu. Alikuwa ameandaa nafasi ya safu nyingine, lakini wapo walioona kwamba sitaha ingeonekana imesongamana, akazidiwa kauli. Wanaendelea na matembezi yao. Tukio lenyewe ni fupi, na ndipo mauaji yalipo. Mhubiri hulipita bila kugeuka.

Nje ya filamu mambo yalikuwa hivyohivyo. Titanic ilibeba mashua 20 zenye nafasi ya watu 1,178, na usiku ule wa Aprili 14, 1912 ndani yake walikuwamo watu wapatao 2,200. Wala haikuvunja sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1894 ilitaka meli yenye zaidi ya tani 10,000 iwe na mashua 16, basi. Titanic ilikuwa na tani 46,000, na sheria ilikuwa bado ileile. Meli ilionywa kwa redio kuhusu barafu, tena zaidi ya mara moja, ikaendelea kwa kasi ya karibu noti 22. Ilipoanza kuzama, mashua namba moja, yenye nafasi ya watu 40, iliondoka na watu 12.

Na kama ile ilikuwa adhabu ya majivuno, ilimwangukia nani? Tume ya uchunguzi ya Uingereza ilihesabu watoto 79 wa daraja la tatu. Waliookolewa ni 27. Watoto 24 wa daraja la pili waliokolewa wote. Bruce Ismay, mkuu wa kampuni yenye meli, alipanda mashua akaishi hadi mwaka 1937. Anayemsingizia Mungu hukumu ya namna hiyo, inayochagua watoto kwa bei ya tiketi, ndiye anayekufuru.

Tena hata Maandiko hayamuungi mkono. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anakataa waziwazi kwamba walikuwa na dhambi kuliko wenzao. Waislamu nao wanaijua vyema hadithi ya Mtume kuhusu ngamia: afungwe kwanza, ndipo mtu amtegemee Mungu.

Basi kwa nini funzo hili linapendwa hivyo? Mwanasaikolojia Melvin Lerner alichunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyotamani kuamini kwamba dunia ni ya haki, hata wakimwona mtu anateseka bila kosa huanza kumtafutia kosa. Aliyepanda basi anastarehe akisikia kwamba waliokufa walijitakia.

Starehe hiyo ina gharama kubwa hapa kwetu. Mv Bukoba, iliyoruhusiwa abiria 430, ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, ikiua zaidi ya watu 800. Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi. Septemba 20, 2018, Mv Nyerere ilipinduka hatua chache kabla ya gati la Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Kila mara msibani husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Neno hilo ni la kumfariji mfiwa. Halikuwekwa kumfutia kosa aliyeendelea kukata tiketi chombo kikiwa kimeshajaa.

Baada ya Titanic, dunia haikuishia kwenye ibada za maombolezo. Januari 1914 mataifa yalitia saini London mkataba wa usalama wa maisha baharini, uliotaka kila aliyemo melini awe na nafasi kwenye mashua.

Kwa hiyo mhubiri mwenye filamu hiyo asiiache. Aanzie pale Rose anapohesabu mashua, asimamishe picha, kisha awaulize waumini wake wa Ukerewe na Ukara: kivuko mnachopanda kimeruhusiwa watu wangapi, na leo asubuhi kilibeba wangapi?