Usalama wa Bahari ni wa Nani?

Mwishoni mwa Juni 2005 meli ndogo ya mizigo iitwayo Semlow ilikuwa safarini kutoka Mombasa ikiwa na tani 850 za mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mchele huo ulikuwa wa Wasomali waliokumbwa na mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Meli ilitekwa na maharamia kabla ya kufika, pamoja na nahodha wake Msri Lanka, fundi mitambo Mtanzania na mabaharia wanane Wakenya. Walikaa mateka kwa zaidi ya miezi mitatu. Habari yao ilisomwa siku mbili tatu magazetini, kisha ikasahauliwa na wote isipokuwa jamaa zao.

Miaka mitatu baadaye mambo yaligeuka. Septemba 2008 ilitekwa Faina, iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33 vya vita. Novemba mwaka huo huo ikatekwa Sirius Star, meli ya mafuta ya Saudia, ikiwa na mapipa takriban milioni mbili ya mafuta ghafi. Katika muda wa miezi michache manowari za Ulaya, Marekani, India, Uchina na Japani zilikuwa zimejaa katika Ghuba ya Aden na mbele ya pwani yetu. Haki itendeke hata katika kulaumu: Ufaransa ilikuwa imekwisha kuanza kusindikiza meli za chakula Novemba 2007, na kikosi cha majini cha Umoja wa Ulaya, kilichoanza kazi Desemba 2008, kilipewa ulinzi wa meli hizo za chakula miongoni mwa kazi zake za kwanza. Hatuzibezi juhudi hizo. Lakini hatuwezi kuficha lililo wazi, kwamba mchele na Wakenya wanane havikuishtua dunia kama ilivyoshtuka kwa vifaru na mafuta.

Tunakumbusha mambo haya kwa sababu siku hizi neno "ushirikiano wa kikanda katika usalama wa bahari" limekuwa wimbo wa kila mkutano. Sisi tunaunga mkono ushirikiano huo. Kwa hakika hatuoni njia nyingine, maana bahari haina ukuta, na hakuna taifa hata moja la upande wetu lenye uwezo wa kuilinda peke yake. Swali letu ni moja tu: ushirikiano huu unamlinda nani?

Msingi wake uliwekwa mjini Djibouti Januari 2009. Chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, mataifa tisa, zikiwamo Kenya, Tanzania, Somalia, Shelisheli, Madagaska na Yemeni, yalitia saini Kanuni za Mwenendo za Djibouti ili kuzuia uharamia katika Bahari ya Hindi ya magharibi na Ghuba ya Aden. Mengine yalifuata baadaye. Ethiopia nayo ilikuwa miongoni mwa wale wa kwanza, ingawa haina hata hatua moja ya pwani. Jambo hilo ni la busara kuliko linavyoonekana. Mkulima wa Ethiopia anaponunua mbolea, au mgonjwa wa Bujumbura anaponunua dawa iliyopitia Dar es Salaam, hulipia ndani ya bei yake gharama ya bima ambayo mwenye meli alitozwa kwa hatari ya baharini. Kuanzia Kampala hadi Lubumbashi, watu ambao hawajaiona bahari hata mara moja hulipia uhalifu wake.

Kanuni hizo zilianzisha vituo vitatu vya kupashana habari: Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Kazi yake ni rahisi kueleza. Nahodha anayeona mashua yenye mwendo wa kutia shaka hutoa taarifa. Kituo huipokea, huipima, na kuwapasha jirani wote, ili chombo cha doria kilicho karibu kiende bila kungoja barua kutoka wizara hadi wizara. Zamani taarifa za aina hiyo zilikwenda kwanza katika nchi za mbali, kisha zikaturudia sisi wenye pwani zikiwa zimechakaa. Januari 2017, huko Jeddah, mataifa hayo yalipanua Kanuni hizo ziguse pia magendo ya silaha na dawa za kulevya, biashara ya watu, na uvuvi haramu. Hayo ni maendeleo. Lakini kanuni hizi ni makubaliano ya hiari, si mkataba unaombana mtu. Na vita vilipoukumba mji wa Sana'a mwaka 2014, moja ya nguzo zile tatu ikatetereka.

Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, hauko baharini. Uko nchi kavu, mahakamani. Mombasa ilikuwa ya kwanza katika upande wetu kuwahukumu maharamia waliokamatwa na manowari ya kigeni: mwaka 2006 Wasomali kumi walifungwa miaka saba kila mmoja. Baadaye wakaletwa wengine wengi. Kisha Novemba 2010 Mahakama Kuu ikasema kwamba sheria ya Kenya haikuipa uwezo wa kusikiliza makosa yaliyotendeka nje ya maji ya nchi; na ilichukua hadi Oktoba 2012 ndipo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa miaka miwili watu walikaa korokoroni bila ya wao wala waliowashtaki kujua kwa yakini kama kesi yao ilikuwapo kisheria. Hiyo si haki kwa mshtakiwa, wala si haki kwa baharia aliyeteswa naye. Sheria isiyo wazi humnufaisha mkubwa anayepanga uhalifu akiwa salama mjini. Kijana aliyetumwa na bunduki ndiye anayebaki gerezani.

Na kwa upande wa dawa za kulevya hali ni mbaya zaidi. Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilisimamisha jahazi mbele ya pwani ya Afrika Mashariki na kukuta zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Mara nyingi mzigo wa namna hiyo ukikamatwa katika bahari kuu huharibiwa palepale, na jahazi pamoja na watu wake huachiwa waende zao, kwa kuwa hapana nchi iliyo tayari kuwapokea na kuwashitaki. Tunawaachia wabebaji, tunaangamiza ushahidi, na mwenye mali hatumjui. Wazazi wa Malindi, Tanga na Unguja wanawajua vizuri watoto walioharibiwa na mzigo ule ambao haukukamatwa. Hapa manowari imefanya yaliyo katika uwezo wake. Ni mabunge yetu yaliyochelewa.

Sasa tuingie bandarini. Tangu Julai 1, 2004 meli na bandari zinazofanya biashara ya kimataifa hutakiwa kufuata Kanuni ya Kimataifa ya Usalama wa Meli na Bandari. Kwa mwananchi wa kawaida kanuni hiyo imeonekana kama uzio, lango, walinzi na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Vyote hivyo vinahitajika. Hata hivyo msiba mkubwa kuliko yote ya bandari katika miaka hii ulitokea ndani ya uzio. Mwaka 2013 meli kuukuu iitwayo Rhosus iliondoka Batumi, Georgia, ikiwa na tani 2,750 za amonia naitreti. Mzigo ulikuwa ukija huku kwetu, katika bandari ya Beira, Msumbiji. Meli iliingia Beirut Novemba mwaka huo, ikazuiliwa kwa madeni na ubovu, na mwenyewe akaitelekeza. Nahodha na wenzake watatu walizuiliwa ndani yake kwa miezi mingi, kana kwamba deni lilikuwa lao. Shehena ikahamishiwa ghalani. Maofisa wa forodha waliandika barua kwa majaji mara kadhaa. Barua zikapokelewa, zikawekwa. Tarehe 4 Agosti 2020 ghala lile lililipuka, watu zaidi ya 200 wakafa na sehemu kubwa ya mji ikabomoka.

Tuseme meli ile ingefika Beira, au ingekwama Mombasa au Dar es Salaam badala ya Beirut. Je, bandari moja ingeijulisha nyingine kwamba meli mbovu yenye shehena ya kulipuka i njiani? Nani angekuwa na mamlaka ya kusema, "Mzigo huu usilale hapa"? Wala haukuhitajika mhalifu hata mmoja. Zilitosha karatasi zilizopitishwa mkono kwa mkono. Tunapenda kuona bandari zetu zikishirikiana kwanza katika jambo hili la kawaida, yaani orodha ya meli zilizotelekezwa na shehena za hatari, kabla ya kununua mitambo mingine ya bei kubwa ya kuwapekua makuli.

Turudi kwa watu. Mwishoni mwa Desemba 2010 meli ya uvuvi Vega 5 ilitekwa katika maji ya Msumbiji ikiwa na watu 24, wengi wao Wamsumbiji. Maharamia waliigeuza kuwa meli mama ya kuwindia meli nyingine. Machi 2011 jeshi la majini la India liliivamia, likakamata maharamia 61 na kuwaokoa mabaharia 13. Wahispania wawili waliokuwamo walikuwa wamekwisha kupelekwa nchi kavu, nao wakaachiwa baadaye mwaka huo baada ya mazungumzo marefu. Wamsumbiji kadhaa hawakuonekana tena. Februari 2012 Afrika Kusini, Msumbiji na Tanzania zilitiliana saini mapatano ya kufanya doria pamoja katika Mlango wa Msumbiji, na uharamia upande huo ukapungua sana. Tunayasifu mapatano yale. Lakini katika ushirikiano wa kweli, idadi ya maharamia waliokamatwa isingefahamika upesi kuliko majina ya wavuvi waliopotea.

Wala Vega 5 haikuwa peke yake. Mabaharia wa Naham 3, masikini kutoka Ufilipino, Kambodia, Vietnamu, Indonesia na Uchina, walitekwa kusini mwa Shelisheli Machi 2012 na kuachiwa Oktoba 2016. Miaka minne na nusu! Meli yao ilikuwa imekwisha kuzama, haina thamani tena kwa mtu yeyote, na wao wakawa hawana mwenyewe.

Yako pia mashaka ambayo usalama wenyewe huyaleta. Kwa miaka kadhaa wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa hofu ya magaidi. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Tumeona yaliyotokea Mpeketoni Juni 2014. Lakini samaki wengi wa Lamu ni wa usiku, na gharama ya amri ile haikugawanywa kwa taifa zima, ilibebwa na nyumba za wavuvi peke yao. Upande wa kusini, Agosti 2020 waasi waliteka bandari ya Mocímboa da Praia, na Machi 2021 walipoivamia Palma watu walikimbilia baharini kwa vyombo vyovyote vilivyopatikana hadi Pemba ya Msumbiji. Siku kama hiyo mashua iliyojaa wakimbizi na mashua ya waasi hufanana kwa mbali. Askari wa doria asiyefundishwa kuzitofautisha ni hatari kwa wote. Kaskazini nako, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia Oktoba 2021, na Kenya ikaikataa. Wanasheria na waendelee na hoja zao. Wakati huo huo, mvuvi anayepigiwa risasi katika eneo lile hana budi kujua ni serikali gani itakayomwitikia.

Wapo waliodhani hatari imekwisha. Januari 2023 vyama vya wenye meli viliacha kuihesabu bahari yetu kuwa eneo la hatari kubwa. Kabla mwaka haujaisha Wahouthi waliiteka Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, na watu wake 25 hawakuachiwa hadi Januari 2025. Machi 2024 mabaharia watatu wa True Confidence waliuawa kwa kombora. Maharamia wa Kisomali nao wakarudi, na mwezi huo huo wakaiteka Abdullah ya Bangladeshi iliyokuwa imetoka Maputo na makaa ya mawe. Meli nyingi za Ulaya na Asia sasa huzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupita mbele yetu, na kazi ya vituo vya Mombasa na Dar es Salaam imeongezeka.

Tunaziomba serikali zetu zikamilishe sheria za kuwashitaki wahalifu wa bahari kuu, zikubaliane ni nani atakayempokea mshtakiwa na ni nani atakayetunza ushahidi, na ziingize katika vituo vile taarifa za jahazi na ngalawa zilizopotea kwa uzito ule ule wa taarifa za meli za mafuta. Kamati za haki na amani katika vijiji vya pwani nazo zina kazi. Vijana wetu huajiriwa na mawakala kwa maneno matupu, hupanda meli za uvuvi zenye bendera za nchi wasizozijua, na wakipatwa na jambo jamaa hawana hata pa kuanzia kuuliza. Kila kamati na iwe na daftari. Liandikwe jina la kijana, jina la meli, bendera yake, wakala aliyemwajiri, na siku aliyoondoka. Na nakala ikabidhiwe kwa ofisi ya bandari iliyo karibu, ipokelewe kwa sahihi.