LED kwenye gari la zamani: Corolla haina kosa

Ndugu zangu wenye magari ya umri wetu, leo tuongee globu. Ukipita maduka ya spea pale Moshi mjini utakuta LED za kila rangi, na magari mengi ya zamani yanayopanda Marangu yameshabadilishiwa. Halafu baada ya wiki moja malalamiko yanaanza: indiketa inapepesa kama ina degedege, redio inakwaruza, taa ya full kwenye dashibodi haizimi. Na hukumu ni ile ile, eti gari limechoka, uza.

Jamani, gari linasingiziwa. Chukua Corolla 110 ya miaka ya 1990. Indiketa zake zilipangwa kwa globu za waya za wati 21, mbele moja na nyuma moja. Hiyo ni karibu ampea 3.5 kwa volti 12. Flasha inapima huo mkondo. Globu moja ikiungua mkondo unashuka, na flasha inapepesa haraka haraka ili ushuke ukaangalie. Sasa wewe umeweka LED inayokula wati mbili tatu. Flasha inaona hakuna globu, inapiga kelele. Ni mlinzi amepuliza filimbi kama alivyoagizwa, na sisi tunataka kumfukuza kazi.

Anafukuzwa kwa rizista. Fundi anaifunga sambamba na globu, mara nyingi ya omu 6. Piga hesabu: volti 12 gawa kwa 6 ni ampea 2, yaani wati 24 za joto tupu kila indiketa inapowaka. Injini ikiwa inanguruma volti zinafika 14 na joto linapita wati 30. Na kitu hicho kimefungwa kwa soltepu, kimeegemea plastiki ya taa! Umeme uliojisifu kuuokoa umeurudisha wote. Bora ununue flasha ya LED, inayohesabu muda yenyewe bila kujali mkondo. Nayo haitakuambia globu ikifa, kwa hiyo zunguka gari mwenyewe mara moja moja.

Bodaboda wana kituko chao. Pikipiki nyingi zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi kwa pande zote mbili, imeungwa kati ya kushoto na kulia. Umeme mdogo unaopenya hapo ulikuwa hautoshi kuwasha globu ya waya ya upande wa pili. LED unaitosha kabisa. Unaonyesha kulia, zinapepesa zote nne, na aliye nyuma yako abahatishe unakokwenda. Diodi mbili zinamaliza tatizo, ila ni mafundi wangapi wanajihangaisha nazo?

Lakini kinachoniudhi hasa ni taa kubwa za mbele. Globu ya H4 ina kikombe kidogo cha chuma chini ya waya wa mwanga wa chini, kinachozuia mwanga usiruke juu. Kioo cha nyuma ya taa kimechongwa kufuata mahali ule waya ulipo, kwa vipimo vya milimita. LED ya bei chee haikai palepale, mwanga unasambaa ovyo. Barabara ya Himo kwenda Marangu Mtoni inapanda na kukata kona, migomba imefika hadi kando, watu wanatembea kwa miguu jioni, na ukungu ukishuka kutoka msituni ule mweupe wote unakurudia usoni. Fikiria Desemba, wakati ndugu zetu Wachagga wanapokwenda "kuhesabiwa", kila gari kutoka Dar limefungwa jua lake.

Ujerumani waliruhusu LED kuchukua nafasi ya halojeni barabarani mwaka 2020 tu, tena kwa globu zilizopimwa na kwa aina za magari zilizotajwa. Huku kwetu ikiwaka, imepita.

Mtaniambia halojeni hazionyeshi kitu. Kweli, za magari yetu hazionyeshi. Ila volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa halojeni unashuka kwa karibu asilimia 30, na waya wa miaka 25 wenye ethi iliyoota kutu unazila hizo volti bila huruma. Kwanguweni ethi, fungeni rilei yenye waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, ng'arisheni plastiki iliyogeuka njano. Mtashangaa.

LED wekeni ndani ya gari na kwenye namba ya nyuma, hapo hazimdhuru mtu. Ikigoma kuwaka usirudi dukani kugombana na mangi: itoe, igeuze, irudishe. Ina chanya na hasi, mambo ambayo globu ya waya haikuwa na habari nayo.