Mtungi wa Gesi Usiwe Mzigo wa Mpishi

Hivi karibuni nilifika katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja jina. Jikoni nilikuta mitungi minne mikubwa ya gesi nyuma ya mlango, miwili imelazwa sakafuni ili isichukue nafasi. Hatua chache kutoka hapo ugali wa wanafunzi ulikuwa ukisongwa. Nilipomwuliza mama mpishi ni nani aliyeilaza, alijibu: "Sijui, mwanangu, tulikabidhiwa hivyo hivyo." Nikaenda ofisini. Mwongozo wa usalama ulikuwapo, umehifadhiwa vizuri ndani ya faili, kwa Kiingereza.

Hakuna anayebisha kwamba kuni ziliwaumiza wapishi wetu mapafu na kuimaliza misitu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo, na taasisi zinazolisha watu wengi zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Agizo hilo ni la haki. Lakini mahali pengi tumebadilisha jiko bila kumwelimisha anayelitumia.

Mpishi aliyepambana na moshi miaka ishirini amezoea kutazama juu, kwa maana moshi hupanda. Gesi haipandi. Propeni ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, na buteni kwa mara mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni, huingia katika mifereji ya maji machafu na kutuama humo ikingoja cheche. Madirisha ya juu, yaliyomfaa mpishi zamani, hayamsaidii sana. Matundu yanatakiwa chini, na mitungi ikae nje, wima. Mtungi ukilazwa, kimiminika huweza kuingia katika mpira badala ya gesi, na lita moja ya propeni hiyo hugeuka kuwa lita 270 hivi za gesi. Ikifikia asilimia mbili tu ya hewa, inatosha kuwaka.

Wako wanaodhani kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ni ya viwandani. Jiko la shule ni mahali pa kazi, na mpishi ni mfanyakazi. Sheria hiyo imemtwika mwajiri wajibu wa usalama, wala haikumwachia mama mpishi abahatishe.

Tuliona yaliyowapata jirani zetu Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka katikati ya makazi, ikaua watu na kujeruhi mamia. Mamlaka ya huko ilieleza kwamba ilikuwa imekwisha kukataa maombi ya kibali cha kituo mahali hapo. Barua zilikataa, kazi ikaendelea. Basi nasi tusijivunie mafaili.

Wakuu wa shule na maofisa elimu hawahitaji semina ya hotelini kwa jambo hili. Karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe jikoni: funga vali, usiwashe wala kuzima taa unaposikia harufu, pima uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mpishi afundishwe katika saa zake za kazi, kwa vitendo.

Shule ile ina ukuta wa nyuma wenye kivuli, mbali na mifereji. Fundi mwenye ujuzi amekwisha kupima urefu wa bomba linalohitajika. Ombi lake lipo mezani kwa mkuu tangu muhula uliopita, likingoja saini.