Swali la mlangoni: Columbo, uzi wa daktari na mshono wa mwanao

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka tisa kutoka Mbinga mjini. Shule zimefungwa, ameteremka Mbamba Bay kwa bibi yake. Siku ya pili anacheza ufukweni, anajikata kwenye muundi kwa bati lililotupwa karibu na mitumbwi. Anapelekwa hospitali, anashonwa nyuzi sita. Mama yake, aliyefika mbio kutoka Mbinga, anapewa dawa na maelekezo ya kusafisha kidonda. Anasema, “Asante daktari,” anamshika mwanawe mkono na kutoka.

Njiani anakumbuka hakuuliza nyuzi zitatolewa lini. Anajipa moyo: yeye mwenyewe alipojifungua kwa upasuaji, aliambiwa nyuzi za ndani zitayeyuka zenyewe. Basi anasubiri. Wiki ya tatu nyuzi bado zipo, ngozi imeanza kuzifunika, na pembeni panatoka usaha.

Hakuna aliyefanya ubaya. Kilichokosekana ni swali moja.

Tofauti hiyo hiyo, kati ya uzi unaoyeyuka na usioyeyuka, ndiyo kiini cha kisa kimoja cha tamthilia ya zamani ya upelelezi kutoka Marekani iitwayo Columbo. Kisa chenyewe kinaitwa “A Stitch in Crime” na kilirushwa mara ya kwanza na kituo cha NBC Februari 11, 1973. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Leo mzazi wa Mbinga anaweza kukutana na tamthilia hiyo kwenye simu yake, jioni, watoto wakiwa pembeni.

Daktari anayetabasamu

Katika kisa hicho, Dk. Barry Mayfield ni daktari bingwa wa upasuaji wa moyo. Ameigizwa na Leonard Nimoy, yule aliyejulikana zaidi kama Spock wa Star Trek. Mayfield anafanya utafiti wa dawa ya kuzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa, akiwa na mzee wake wa kazi, Dk. Hiedeman. Kijana anataka matokeo yatangazwe upesi, mzee anataka majaribio zaidi. Kisha mzee anaugua moyo na kuhitaji valvu mpya. Anayemfanyia upasuaji ni Mayfield.

Valvu ya bandia hushikiliwa na uzi wa kudumu, kwa sababu kazi yake haiishi: inafunguka na kufunga kila moyo unapopiga. Mayfield anatumia uzi wa kuyeyuka. Hesabu yake ni kwamba uzi ukiisha nguvu valvu italegea, mzee atakufa, na watu watasema ni moyo tu.

Anayegundua kwanza si mpelelezi. Ni muuguzi, Sharon Martin, anayeutilia shaka uzi uliotumika na kutaka upimwe. Anauawa kabla hajapata jibu.

Hapo ndipo anaingia Luteni Columbo, aliyeigizwa na Peter Falk: koti la mvua lililokunjamana, nywele timutimu, mtu ambaye ukimwona unaweza kudhani amepotea njia. Anauliza maswali ya kawaida, anaaga, anafika mlangoni, halafu anageuka. Kuna jambo moja dogo alisahau kuuliza. Swali hilo la mlangoni ndilo linalowanasa wahalifu wake.

Katika kisa hiki Columbo, mtu mpole siku zote, anapandwa na hasira hadi kupiga jagi mezani. Anamwonya Mayfield kwamba mzee akifa, mwili utachunguzwa na uzi utaonekana. Mayfield analazimika kumfanyia mgonjwa upasuaji wa pili ili autoe uzi wake. Polisi wanampekua, hawauoni. Mwishoni unapatikana mfukoni mwa vazi la upasuaji alilovaa Columbo mwenyewe. Mayfield aliutia humo alipojifanya kukasirika na kumsukuma.

Kisa hicho ni cha kubuni, na si sababu ya kumwogopa daktari wala kumtazama muuguzi kwa jicho la shaka. Kwa mtoto aliyeshonwa, hatari ya kweli haina maigizo: mzazi anatoka na swali lake kinywani kwa sababu foleni ni ndefu, au daktari ana haraka, au anaona haya kuonekana hajui. Columbo haoni haya. Anakubali kuonekana mshamba ili mradi apate jibu.

Uzi upi, hadi lini?

Nyuzi zinazoyeyuka hutumika zaidi sehemu za ndani ya mwili, na pia mahali ambapo kuzitoa ni shida: mfuko wa uzazi baada ya upasuaji, msamba uliochanika wakati wa kujifungua, au mtoto wa kiume aliyetahiriwa hospitali. Huisha zenyewe baada ya wiki kadhaa, nyingine miezi, kutegemea aina.

Nyuzi za juu ya ngozi mara nyingi ni zile zisizoyeyuka, na lazima zitolewe. Kwa kawaida za usoni hutolewa baada ya siku 3 hadi 5, za kichwani siku 7 hadi 10, za mikono na miguu siku 10 hadi 14. Zikitolewa mapema kidonda kinaweza kufunguka. Zikikaa mno zinaacha kovu baya na kuongeza hatari ya maambukizi. Tarehe ya mtoto wako ataipanga aliyemshona, maana ndiye aliyekiona kidonda.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka, geuka mlangoni:

“Samahani sista, kuna jambo nimesahau. Nyuzi za mwanangu zinayeyuka au zinatolewa?”

“Zinatolewa, mama. Baada ya siku kumi na mbili.”

“Sisi tunaishi Mbinga. Lazima tuteremke tena huku?”

“Hapana mama. Nenda kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani, uende na karatasi hii.”

Mazungumzo hayo hayamalizi dakika moja. Yangemwokolea mama wa mfano wetu nauli, na mtoto wake maumivu. Omba tarehe iandikwe kwenye karatasi au daftari la mtoto, kisha ipige picha kwa simu yako. Uliza pia kama amekamilisha chanjo ya pepopunda, lini kidonda kinaweza kulowa maji, na lini ataruhusiwa kuogelea ziwani.

Nyumbani, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda. Usikipake majivu, unga wa kahawa wala mafuta ya taa. Usizikate nyuzi mwenyewe kwa wembe, hata kama kidonda kinaonekana kimepona.

Rudi kituoni bila kusubiri tarehe ukiona wekundu au weusi unaosambaa, uvimbe unaoongezeka, joto, usaha, harufu mbaya, homa, au kidonda kimeachia. Mtoto akisema maumivu yanazidi badala ya kupungua, msikilize.

Baba na bibi nao wajue tarehe hiyo. Msimu wa kuvuna kahawa mama anaweza kushinda shambani, na aliyebaki na mtoto ndiye atakayeona mabadiliko kwanza.

Ukipata nafasi ya kutazama kisa hicho na watoto wakubwa, waulize nani hasa aliyeokoa maisha ya mzee Hiedeman. Wengi watamtaja Columbo. Wakumbushe muuguzi Sharon, aliyeona uzi ukiwa na walakini na hakunyamaza. Mtoto akielewa hilo, siku kidonda chake kitakapobadilika atakuja kukuambia mapema, naye atajua kwamba kwenu hakuna swali dogo.