HARLEM NIGHTS "ILIBUMA"? WANAOSEMA HIVYO HAWAJAGUSA KALKULETA

Kila baada ya miezi kadhaa anaibuka mtaalamu wa muvi mitandaoni na orodha ya mastaa waliochemka. Na kila orodha ikitoka, Eddie Murphy na Harlem Nights lazima wawemo. Safari hii ni jamaa mmoja wa mjini, jina kapuni, wafuasi kibao, miwani ya giza mpaka usiku. Kaandika kwamba Harlem Nights ni muvi iliyobuma na kumfilisi Eddie. Ushahidi? Picha ya ile nyanya ya kijani iliyopasuka ya Rotten Tomatoes. Basi. Watu wakamwaga vicheko na mioto, mjadala ukafungwa.

Haya, hesabu kwanza.

Harlem Nights iliingia kumbini Marekani tarehe 17 Novemba 1989. Wikiendi ya kwanza ikakamata namba 1 na kukusanya zaidi ya dola milioni 16. Mpaka inatoka kumbini ilishafikisha kama dola milioni 60 kwa soko la Marekani peke yake, na bajeti inayotajwa ni dola milioni 30. Mtu anayeijua biashara atasema kumbi zinakata karibu nusu ya kila tiketi na matangazo nayo yanakula hela, kwa hiyo faida ya pale haikuwa ya kutisha. Sawa kabisa. Ila faida ndogo siyo kubuma. Division three siyo zero, muulize yeyote aliyewahi kusubiri matokeo ya form four.

Neno "kubuma" lilitoka wapi sasa? Lilitoka kwa Eddie mwenyewe, yaani kwa rekodi zake. Beverly Hills Cop ya 1984 ilivuta zaidi ya dola milioni 230 Marekani. Coming to America ya 1988, ile ya Prince Akeem ambayo hata bibi kijijini anaijua, ilipita milioni 120. Mtu aliyezoeleka kufunga magoli matano akifunga mawili, watu wanasema kashuka kiwango. Hayo ni malalamiko ya mashabiki waliodekezwa. Ukiyaita hesabu za biashara unajidanganya.

Halafu kuna hiyo nyanya. Rotten Tomatoes ilianzishwa 1998, miaka 9 baada ya muvi kutoka. Alama yake kwa muvi za zamani inaokotwa kwenye maandiko ya wakosoaji wa wakati ule, na wakosoaji wa magazeti ya Marekani mwaka 1989 karibu wote walikuwa watu wa aina moja, kutoka mitaa ya aina moja. Ukishuka chini kidogo kwenye ukurasa huohuo, upande wa watazamaji, hali ni tofauti kabisa, wanaipenda. Jamaa wa miwani hakushuka. Kidole kilichoka.

Kosa moja ambalo wakosoaji wale walilirudia sana ni kwamba Eddie kaiba wazo la The Sting, muvi ya 1973 ya matapeli wawili wa Chicago wanaomliza jambazi mkubwa. Kufanana kupo, hakuna anayekataa. Miaka ya 30, suti, dili moja kubwa la mwisho, bosi anapigwa changa la macho. Lakini kinachogombaniwa ndani ya Harlem Nights hakikutoka The Sting, kilitoka Harlem. Sugar Ray, anayechezwa na Richard Pryor, ana klabu yake. Mwenye mali ni mweusi, wateja weusi wamependeza, hela inazunguka ndani ya mtaa. Anatokea bosi wa kizungu, Bugsy Calhoune, na askari wake mla rushwa, wanataka sehemu kubwa ya mapato la sivyo klabu inafungwa.

Hiyo ilitokea kweli. Cotton Club halisi ilikuwa katikati ya Harlem, Duke Ellington na bendi yake jukwaani, lakini wateja walikuwa wazungu na mwenye klabu alikuwa gangsta wa kizungu, Owney Madden. Mweusi aliingia kupiga muziki, kucheza au kubeba sinia. Na ile bahati nasibu ya mtaani, mchezo wa namba, ulikuwa mikononi mwa watu weusi kama Stephanie St. Clair, mama aliyetoka visiwa vya Karibiani na kujijenga mpaka kuwa malkia wa Harlem. Dutch Schultz alipoona utamu akaja na bunduki kuuchukua. Akasumbua mpaka alipopigwa risasi mwaka 1935, tena na magangsta wenzake. Sasa kijana mweusi anaandika hadithi ambayo safari hii wenye mtaa wanamliza Schultz wao na kuondoka na mkwanja, anaambiwa kakopi kazi ya wazungu. Makubwa.

Na alikuwa kijana kweli. Miaka 28. Kaandika, kaongoza, kacheza mhusika mkuu, na kwenye uzalishaji jina lake lipo. Mwaka mmoja na nusu kabla, kwenye jukwaa la Oscar la 1988, huyuhuyu Eddie alisimama mbele ya Hollywood nzima akalalamikia jinsi tuzo zile zinavyowapita waigizaji weusi. Watu wa namna hiyo wakiteleza kidogo, wanaosubiri kuwacheka huwa ni wengi.

Kuteleza kupo, na mashabiki wa Eddie wakubali tu. Matusi yamezidi, mengine hayana kazi yoyote pale zaidi ya kujaza nafasi. Wanawake ndiyo kabisa. Quick, mhusika wa Eddie, anapigana na mama mtu mzima, Vera, anamfyatua risasi ya kidole cha mguu, na watazamaji wanatakiwa kucheka. Baadaye anampiga risasi Dominique La Rue na hiyo nayo inapitishwa kama utani. Della Reese kamcheza Vera vizuri mno, anaiba muvi kila anapotokea, na bado muvi haimpi heshima yake. Hapo wakosoaji hawakumwonea mtu.

Ila pamba sasa! Ukizima sauti ukaangalia nguo peke yake, bado umefaidi. Suti zimekaa, kofia zimeinama upande, magauni ya Jasmine Guy ni balaa. Joe I. Tompkins, aliyebuni mavazi yale, alipata uteuzi wa Oscar, akashindwa na Henry V, muvi ya wafalme wa Uingereza. Muziki ulisimamiwa na Herbie Hancock. Wakati huohuo Razzie, zile tuzo za kuwazomea waliochemka, zikampa Eddie tuzo ya skripti mbovu ya mwaka. Muvi moja, Oscar inaita nguo zake mezani, Razzie inamchana mwandishi. Na mpaka leo Wamarekani weusi wakifanya birthday ya "Harlem Nights", kila mtu anajua avae nini. Muvi ngapi zilizosifiwa mwaka ule zina sherehe yake?

Kinachouma zaidi ni kipimo. Mwaka 1984 Francis Ford Coppola, yule wa The Godfather, alitoa The Cotton Club. Harlem hiyohiyo, magangsta, suti, jazi. Ilikula zaidi ya dola milioni 40 na kurudisha kama milioni 26 Marekani. Huko ndiko kubuma. Wakosoaji wakubwa tu waliisifu, Coppola akaendelea kupewa kazi, na 1990 alikuwa anatoa The Godfather Part III. Mwaka huohuo ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, wakatoa Miller's Crossing, kofia na makoti marefu ya enzi za pombe kupigwa marufuku. Muvi kali, haina ubishi. Iliingiza kama dola milioni 5 tu Marekani, gharama haikurudi. Leo inaitwa lulu iliyochelewa kueleweka, na mwaka uliofuata ndugu hao walibeba Palme d'Or kule Cannes na Barton Fink.

Coppola alipoteza mamilioni akaitwa fundi aliyethubutu. Ndugu Coen hawakuuza, wakaitwa wasanii. Eddie aliongoza wikiendi nzima Marekani, akapewa nyanya.

Na kuna kitu ambacho hakiingii kwenye asilimia za mtu yeyote. Muvi hii iliwaweka sehemu moja Redd Foxx, Richard Pryor na Eddie Murphy, vizazi vitatu vya vichekesho vya watu weusi Marekani. Foxx, kama mzee Bennie asiyeona vizuri, anarusha maneno na Della Reese mpaka mbavu zinauma. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1991, alianguka akiwa kwenye mazoezi ya kipindi cha The Royal Family na akafariki. Pryor alishaanza kuumwa hata kabla ya kupiga picha hii, ugonjwa wa neva ulimtafuna taratibu mpaka 2005. Aliyewakusanya ni Eddie, kwa jina lake, wakati jina lake lilikuwa na nguvu ya kufungua mlango wowote Hollywood.

Mwisho wa muvi Sugar Ray na Quick wanaiacha Harlem na hela yao. Eddie aliendelea kuigiza, akaja na Boomerang 1992 ambayo iliongozwa na Reginald Hudlin, na hata Dolemite Is My Name ya 2019 aliyoshangiliwa nayo iliongozwa na mtu mwingine. Kiti cha mwongozaji hajakikalia tena. Posti ya jamaa wa miwani bado ipo, na nyanya yake ipo palepale.